Samoni bado yuko baharini, wanajuaje anaelekea mto gani?

MzawaMusoma
Wakuu, salaam. Nipo Naknek, Alaska, kiwanda cha samaki, msimu huu wa kiangazi. Nipo kwenye mkanda: samaki akishapasuliwa, sisi tunakwangua damu ya kwenye uti wa mgongo kwa kijiko chenye mpira wa maji. Juzi msimamizi wa zamu katuambia tujiandae, kipimo cha Port Moller kinaonyesha samoni wa mto Egegik wanakuja wengi, wa mto Kvichak kidogo. Port Moller yenyewe iko mbali huko, baharini! Na hawa wote ni samoni wekundu. Mimi nimekulia mwaloni, lakini ukiwapanga mezani siwezi kukuambia huyu katoka wapi na yule katoka wapi. Nasikia ni mambo ya vinasaba. Mwenye kujua anieleweshe, ila asinimwagie misamiati.

DadaWaSampuli
Hapo umenigusa, nimekata sampuli huko misimu kadhaa.

Anza na tabia ya samaki mwenyewe. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kuzaa kwenye mto uleule, halafu hufa. Wapo wanaopotea njia, ila ni wachache. Sasa wa Egegik wakizaana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi, na wa Kvichak vivyo hivyo, DNA zao zinaachana kidogo kidogo. Usitegemee alama moja iliyopo mto huu na kule haipo kabisa. Kinachotofautiana ni wingi: herufi fulani ya DNA inabebwa na wengi huku, na wachache kule. Kwa hiyo hupimwa sehemu nyingi za DNA kwa mpigo.

Kazi nzito ni ile isiyoonekana: kwenda mto kwa mto wakati wa kuzaa, kuchukua sampuli za wenyeji, na kutengeneza daftari la kulinganishia. Mto usiokuwemo kwenye daftari, samaki wake watasomeka kuwa wa jirani, na hakuna atakayeshtuka.

Kipande tunachokata ni kinyama kidogo kilichochongoka, kipo juu kidogo ya pezi la tumbo. Unakikata kwa mkasi, unakibana kwenye karatasi yenye miraba ya namba, samaki anaendelea zake kiwandani. Vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, kukiweka kwenye mraba wake si mchezo. Ukiruka mraba mmoja bila kujua, wote wanaofuata wanabeba namba za wenzao.

Huko Port Moller boti ya majaribio inatega nyavu za makila kwenye vituo vilivyopangwa. Sampuli zinapanda ndege hadi Anchorage, kwenye maabara ya idara ya samaki ya jimbo, na majibu yanatoka baada ya siku chache. Samaki naye anahitaji kama wiki moja kufika huko mliko. Faida yote iko kwenye hiyo wiki. Majibu ya namna hii, msimu ukiwa unaendelea, yalianza 2006.

Ila usidhani wanasema "samaki huyu ni wa Egegik". Wanachukua samaki 200 hivi na kusema: asilimia kadhaa Egegik, asilimia kadhaa Kvichak, na kiasi cha kukosea ni hiki.

Mzee_wa_Nyavu
Yaani mvuvi anafungiwa kwa makadirio?

DadaWaSampuli
Hapana mzee wangu. Kufungua na kufunga kunategemea zaidi wanaohesabiwa mitoni. Kwenye Naknek na Kvichak kuna minara, mtu anakaa juu anahesabu samaki wanaopita kwa dakika 10 kila saa, usiku na mchana. Vinasaba vinakupa tetesi mapema tu. Na tetesi ina thamani: mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kvichak ilipodhoofika, wavuvi walisukumwa wakabanana ndani ya mto Naknek kwenyewe ili wasiguse wa Kvichak. Waulize wenyeji hapo kiwandani, watakusimulia boti zilivyokuwa zinagongana.

Kinachoniudhi mimi ni siasa. Mwaka 2021 meli za kuvuta makokoro Bahari ya Bering, zinazotafuta samaki aina ya pollock, zilinasa kwa bahati mbaya samoni aina ya chum zaidi ya 500,000. Vinasaba vikaonyesha zaidi ya nusu walitoka upande wa Asia, na wa magharibi mwa Alaska hawakufika asilimia 10. Wenye meli wakashangilia hiyo asilimia. Lakini piga hesabu: ni karibu samaki 50,000, mwaka ambao watu wa mto Yukon walikatazwa kuvua hata wa kula nyumbani. Maabara imetoa namba sahihi. Nani apunguze kuvua, hilo haliko kwenye karatasi ya sampuli.

MzawaMusoma
Ahsante sana dada, nimekupata. Sasa kwa ziwa letu, sangara anaweza kupimwa hivyo?

DadaWaSampuli
Sangara sidhani kama atakulipa. Aliletwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na anazaa humohumo ziwani, hana mto wa kurudi. Mimi ningeanza na ningu. Yeye hupanda mito mvua zikinyesha, na alimalizwa na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito akiwa anapanda kuzaa. Lakini sijui kama wa Mara na wa Kagera wanatofautiana kiasi cha kutosha. Kwanza ungepata sampuli za wanaozaa kila mto, na kwa walivyobaki wachache, kuwapata tu ni shughuli.

MzawaMusoma
Kwa Mara nina wajomba wanaovua hadi leo. Hiyo karatasi ya miraba inauzwa wapi?