Ng'ombe ana homa 41, apimwe kwanza au adungwe tu?

BintiKisauni
Wajameni salama, nna ng'ombe wangu mmoja wa maziwa hapa Kisauni, tangu juzi hali majani vizuri, maziwa yalikuwa lita nane sasa hata mbili hazifiki, nimempima homa ni 41. Jamaa wa duka la dawa kamdunga tetrasaiklini akasema ni kupe tu atapona, leo ndo kazidi, yuwahema kama mtu alopanda ghorofa mbio. Kijana mmoja aniambia damu ipelekwe ikapimwe PCR, sasa hiyo si ndo ile ya korona ya kutiwa kijiti puani?? Na pesa yenyewe yatafutwa kwa tochi.

AmiMifugo
Mwanangu hebu mshike chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi limevimba kama yai, hiyo ni dalili ya ndigana kali, na hapo tetrasaiklini haifui dafu, yataka dawa ya buparvakwoni na mapema kabla mapafu hayajajaa maji. Lakini kama ufizi umepauka na mavi ni makavu, yaweza kuwa ndigana baridi, hiyo ndo tetrasaiklini huitibu. Zote za kupe ila dawa mbali mbali, ndo maana mie hao wa kudunga kwa kukisia siwapendi

DaktariLikoni
PCR ndo hiyo hiyo dada, yatafuta DNA ya kimelea na kuizidisha mpaka ionekane hata kikiwa kidogo. Ila ng'ombe anaehema usimngojeshe. Mwite daktari atoe maji ya tezi kwa sindano, tone moja tu apake kwenye kioo, atie rangi ya Giemsa aangalie kwa hadubini, akiwaona wadudu ndani ya chembe nyeupe za damu basi majibu ni siku hiyo hiyo. Tena PCR ina jambo watu hawaambiwi, ng'ombe alopona ndigana zamani huweza kubaki na vimelea mda mrefu, kwa hivo itasema ndio na kumbe leo anaumwa kitu chengine.

WaMtwapa
Akipona (sio sasa!!) ulizia chanjo ya ndigana kali ilotoka Muguga, kule karibu na Nairobi. Ni vimelea hai vyenyewe, ng'ombe adungwa pamoja na tetrasaiklini ya kukaa mwilini, mara moja maishani. Taabu yake yawekwa kwenye naitrojeni baridi ya -196, ikishayeyushwa ni masaa tu, kwa hivo mujikusanye majirani itumike yote siku hiyo. Na kupe uendelee kuogesha, ndigana baridi haizuiliwi na chanjo hiyo.

BintiKisauni
Ahsanteni. Tezi lilikuwa limevimba kweli, daktari kaja na hadubini yake kaiweka juu ya ndoo hapo uani, kanionyesha vidoti vya zambarau, ni ndigana kali. Kadungwa jana jioni, leo kala majani kidogo na homa ni 39.6. Majirani wa chanjo nimepata watatu, wa nne ana mbuzi tu, nimemwambia mbuzi hawaugui hii kanuna.