Kodi ya utalii na kamisheni za mawakala: nitafiti vipi uhusiano wake?

Mtafiti wa Arusha

Habari za leo, wanajukwaa. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara kuhusu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 iliyoanza kutozwa kwenye huduma za utalii Tanzania Bara tarehe 1 Julai 2016. Msimamizi wangu amenitaka niongeze upande wa mauzo, yaani namna kampuni za safari zinavyowatunza mawakala wanaoziletea wageni ili wasivunjike moyo gharama zinapopanda. Nimeanza na idadi ya watalii walioingia nchini, lakini imenitatiza, kwa kuwa walikuwa takriban milioni 1.14 mwaka 2015 na wakafika takriban milioni 1.28 mwaka 2016, kana kwamba kodi haikumgusa mtu yeyote. Naomba mnisaidie: mambo haya mawili yanakutana wapi, na nitafute takwimu zipi?

Mhasibu wa Safari

Ndugu mtafiti, yanakutana kwenye ankara. Mawakala wa Ulaya na Marekani hupewa bei miezi mingi kabla ya mgeni kupanda ndege, kwa hiyo wengi waliosafiri Julai na Agosti 2016 walikwisha kuuziwa safari kwa bei ya zamani, na kodi ilipoanza hatukuwa na wa kumwongezea. Chukua safari iliyouzwa dola 2,000. Kodi ikihesabiwa kuwa imo ndani ya bei hiyo, takriban dola 305 ni za serikali, na wakala wa asilimia 10 bado anadai dola zake 200. Kampuni huweza kudai irudishiwe VAT iliyolipa kwenye manunuzi yake, lakini mishahara ya madereva na wapishi haina VAT ya kudai, hivyo pengo hubaki pale pale.

Katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, pengo hilo tulilipeleka kwa mawakala. Hatukupunguza kamisheni kwa maandishi, tuliichelewesha tu. Wakala mmoja aliyetuletea wageni wanne mwezi Agosti aliandika mara tatu kuulizia malipo yake, nasi kila mara tukamwomba avute subira. Alipolipwa mwezi Desemba, wageni wake wa msimu uliofuata alikuwa amekwisha kuwapeleka kwingine. Hakugombana na sisi, na ndiyo maana wakubwa wangu hawakuona kilichotokea hadi msimu ulipofika. Nakusihi uangalie idadi ya siku kati ya mgeni kuondoka na wakala kulipwa, kwa maana naamini hapo utaona mengi kuliko kwenye kiwango cha kamisheni chenyewe.

Muuzaji wa Moshi

Nakubaliana na mhasibu, ila naomba niongeze jambo moja. Wakala huchoka pia anapokosa maneno ya kumweleza mgeni. Ada ya uhifadhi ya dola 70 kwa siku Kilimanjaro huwa dola 82.60 VAT ikiwekwa, na mgeni aliyesoma 70 mahali fulani humshuku aliyemwandikia 82.60. Tulipoanza kuitenga kodi katika mstari wake kwenye orodha ya bei, mawakala wetu waliacha kulalamika kwamba tunawaaibisha.

Kumbuka vilevile kwamba mwaka huo huo wa 2016 Kenya iliziondolea VAT ada za kuingia hifadhi pamoja na huduma za waandaaji wa safari. Wakala anayeuza Serengeti na Maasai Mara kwa pamoja alikuwa na sababu ya kumshauri mgeni aongeze usiku mmoja upande wa pili wa mpaka. Hilo halionekani katika idadi ya walioingia, kwa sababu mgeni huyo bado amehesabiwa Tanzania. Kilichopungua ni usiku aliolala.

Mwalimu wa Takwimu

Hapo ndipo penye jibu la tatizo lako la kwanza. Idadi ya walioingia humchanganya mfanyabiashara wa nchi jirani na mgeni wa safari ya siku saba. Omba kwa kampuni chache ankara za miaka 2014 hadi 2018, uhesabu usiku, bei kabla ya kodi na kamisheni iliyolipwa, kisha ufuatilie kila wakala msimu hadi msimu. Wahoji hasa walioacha kuuza, ambao hawamo kwenye orodha za sasa, maana ukiwahoji waliobaki tu utasikia kwamba mambo ni shwari. Zanzibar iache kando, kwa kuwa ina mamlaka yake ya mapato na sheria yake ya VAT.

Mtafiti wa Arusha

Nawashukuru sana. Nitaacha kuanza na walioingia nchini, na nitaanza na madaftari ya malipo ya mawakala. Ndugu mhasibu, je, kampuni huhifadhi tarehe za malipo ya kamisheni za miaka hiyo, au nizitafute kwenye taarifa za benki?

Mhasibu wa Safari

Taarifa za benki. Kwenye madaftari mara nyingi utakuta tarehe ya ankara, si ya siku fedha zilipotoka.