Tupeane uzoefu: Bwana Msa alikukuta wapi?

MwanaMenengai

Hamjambo wanajamvi. Uzi huu ni wa watu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi yote waliowahi kusoma vitabu vya Mohamed Said Abdulla. Wengi mnamjua zaidi mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, kuliko mnavyomjua mwandishi mwenyewe, basi niseme machache. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akawa mhariri wa magazeti Zanzibar, na kuanzia 1958 akahariri jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata nafasi ya kwanza katika shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Conan Doyle, hilo halina ubishi. Kiko ni kile kile, na msaidizi wake Najum anamwandama kama Watson alivyomwandama Holmes. Lakini katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali watu hupeleka sadaka na kuomba, na mtaa mzima una jibu tayari kabla polisi hawajafika. Hapo ndipo mimi nilipokamatwa, maana nimekulia chini ya Menengai, lile shimo kubwa la mlimani hapa Nakuru.

Kwetu, mtoto aliambiwa asikae ukingoni jioni. Kule chini ni makaburi ya Wamaasai waliotupwa shimoni vitani, na ule moshi unaopanda kati ya mawe ni wao. Kuna hata eneo linaloitwa shamba la shetani. Nilikisoma Mzimu wa Watu wa Kale nikiwa kidato cha kwanza, na kesho yake nikamuuliza mwalimu wa jiografia moshi ule ni nini hasa. Akanieleza habari ya volkano, mwamba wa moto ulio chini na maji ya mvua yanayoteremka yakageuka mvuke. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, mitambo ikaanza kuchimba visima pale pale ili mvuke huo utoe stima. Hadithi za wazee bado nazipenda na wanangu nimewasimulia, ila nawasimulia zote mbili, ya wazee na ya mvuke.

Sasa nyinyi. Sihitaji uhakiki wa mtihani. Semeni kitabu kilikufikiaje na kilikufanya nini. Ombi langu moja tu: muuaji asitajwe, tuna vijana humu ambao hawajasoma.

Mwalimu wa Lurambi

Asante kwa kuanzisha. Mimi hufundisha Kiswahili hapa Kakamega, na kitabu hiki cha Mzimu hakimo kwenye silabasi ya darasa langu. Nakisoma kwa sauti dakika za mwisho za kipindi, basi. Kwanza nilihofia Kiunguja kitawashinda, maana kuna sentensi zinazohitaji kamusi hata kwangu. Hawakujali. Mtoto akishataka kujua nani kaua, msamiati anaufukuzia mwenyewe.

Nilipofika kitabuni pale maiti inapopatikana, nikaacha kusoma, nikawauliza: nani kaua? Sehemu kubwa ya darasa ikasema mzimu. Walisema kwa dhati, si kwa utani. Sikuwabishia. Nikaendelea kusoma, na kila wiki nikarudia swali lile lile. Jibu likaanza kubadilika polepole: nani alikuwa wapi, nani alijua njia ya kule, nani ana haja na mali. Binti mmoja mkimya, ambaye huwa hanyanyui mkono, alikuwa ameandika majina ya washukiwa wote nyuma ya daftari la hisabati na kila mmoja ana mstari wa sababu. Nilipoliona daftari lile nililionyesha chumba cha walimu kizima.

Siku hizi wananiuliza mpaka habari za Jiwe la Ilesi hapa Kakamega, lile linalotiririkwa na maji watu wakasema linalia. Wanataka kupanda waone machozi yanatoka wapi.

Ninachochukia ni miongozo. Mwanafunzi ananunua kijitabu chenye muhtasari, ukurasa wa pili umeshamtaja muuaji, halafu anakwambia amesoma riwaya. Huyo ameibiwa, na aliyemwibia amemtoza pesa.

NyarSeme

Mimi ni wa Seme, si mbali na yale mawe makubwa ya Kit Mikayi, sasa naishi Kondele, Kisumu. Hii yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Baba alipofariki, mama alibaki kwenye boma peke yake na sisi wadogo. Haukupita muda, usiku mabati yakaanza kupigwa mawe. Yanapigwa, kimya, yanapigwa tena upande wa pili. Nyinyi mliokulia huku mnajua kilichosemwa: jajuok, yaani mchawi wa usiku. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake, huyu ameona kivuli, yule amesikia miguu. Majirani walimpa mama pole, kisha wakamshauri arudi kwao kwa muda, boma lipumzike. Shangazi alileta mtu wa kuja kunyunyiza dawa, na akalipwa kuku.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo na Mzimu wa Watu wa Kale niliyoazima maktaba ya Kisumu. Nilikuwa nakisoma kwa taa huku mawe yanaanguka juu yetu. Naapa sikuwa shujaa, nilikuwa natetemeka. Ila kuna jambo Bwana Msa hufanya ambalo lilinishika: watu wakiwa wanatazama kaburi, yeye anatazama chini, kwenye mchanga, vitu vidogo visivyomshughulisha mtu. Kulipokucha nikazunguka nyumba nikayaokota yale mawe.

Yalikuwa kokoto. Kokoto za kujengea, zenye ncha, za rangi ile ya kijivu. Kwetu mawe ya shambani ni makubwa na ya mviringo, na hayana sura hiyo. Na kokoto za aina ile eneo zima zilikuwa mahali pamoja tu, lundo lililokuwa limemwagwa kwa ndugu mmoja wa baba, anayejenga. Ndugu huyo ndiye aliyekuwa amemwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba mwanamke peke yake hawezi kulima ile sehemu ya barabarani.

Sikumtaja mtu. Nilizitia kwenye kikapu nikampa mama, na mama, ambaye hajasoma riwaya hata moja maishani, akanitazama tu akaelewa. Alizibeba hadi baraza ya chifu. Ilipofika zamu yake akazimwaga mezani na kusema anaomba kujua mwenye kokoto hizi, amrudishie, asije akapungukiwa kwenye ujenzi wake. Hakusema lingine. Hakuna aliyekiri na hakuna aliyeshtakiwa. Usiku huo mabati hayakupigwa, wala hayajapigwa tena. Ile sehemu ya barabarani mama analima mpaka leo, mtama na kunde.

Mtu akiniambia riwaya za upelelezi ni za kupoteza wakati, huwa simjibu.

MwanaMenengai

Dada, nimeisoma mara mbili. Mpe mama salamu za Nakuru.

Omogusii

NyarSeme umenikumbusha jambo zito. Mwaka 2008, kwetu Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa wakiwa hai kwa kuitwa wachawi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima walivyokuwa wakizungumza, kama kwamba majina yale yalikuwa yamethibitishwa mahali fulani. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hata moja la kokoto.

Nilipokuja kusoma Kisima cha Giningi chuoni, ambacho jina lake lenyewe linatoka kwenye masimulizi ya Unguja kuhusu makao ya wachawi, nilisoma nikiwa na wale wazee moyoni. Mwandishi hawacheki wanaoamini. Anawaacha waseme yote, na Bwana Msa anawasikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza mambo ya kawaida: saa ngapi, mlango gani, nani alikuambia. Sina zaidi ya kusema hapa, ila vitabu hivi ningependa visomwe mabarazani na makanisani kwetu, si shuleni tu.

Sista Bungoma

Mimi muuguzi. Nitasimulia kisa kimoja cha kazini bila kutaja mahali.

Kijana aliletwa jioni, mate yanamtoka, jasho jingi, anatapika, pumzi zinakwama. Familia ilikuwa imeshampitisha kwa mganga kwa sababu alikuwa amegombana na jirani, hivyo ni wazi amerogwa. Nikamulika macho: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikamuuliza mkewe, si habari za jirani, bali jana alishinda wapi. Akasema alikuwa ananyunyizia nyanya dawa. Glavu? Hakuna. Nguo alibadilisha? Alilala nazo. Hiyo ni sumu ya dawa ya wadudu iliyopita kwenye ngozi. Tulimvua, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, daktari akamwanzishia atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, akapona.

Dalili zile nilifundishwa chuoni, sikuzisoma kwa Bwana Msa. Ila tabia ya kumwachia mtu amalize habari ya uchawi bila kumkaripia, halafu ndipo umuulize ya jana, hiyo niliipata kwa Siri ya Sifuri na wenzake, nikiwa zamu za usiku. Ukimkaripia mtu anafunga mdomo, na mke yule angefunga mdomo tungempoteza mumewe.

Mzee wa Kaloleni

Vijana wangu, nawasoma kwa furaha. Mimi nilikuwa karani bandarini Kisumu miaka ya sabini, siku ambazo meli zilikuwa zinakwenda Mwanza na Bukoba na kurudi kama matatu za leo. Baharia mmoja wa Mwanza alikuwa msomaji mkubwa. Alikuwa akinikopesha kitabu safari moja, ninamrudishia safari inayofuata, naye ananipa kingine. Ndivyo nilivyosoma Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi ya Faraji Katalambulla, na ndivyo nilivyompata Bwana Msa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa nikiwa na Kisima cha Giningi chake mkononi. Mpaka ulikaa hivyo hadi 1983. Ulipofunguliwa niliulizia, nikaambiwa ameacha kazi ya meli amerudi kwao. Sikumpata. Kitabu ninacho, nimekifunika kwa gazeti, na jina lake nililiacha pale alipoliandika.

Sasa niwape na kasoro, msije mkadhani sisi wazee tunasifu kila kitu. Bwana Msa ana kawaida ya kuona jambo na kulificha, kisha mwishoni anakaa na kulimwaga lote kwa maelezo marefu. Msomaji anakuwa hajapewa haki ya kushindana naye. Conan Doyle, ambaye Holmes wake alianza mwaka 1887, naye alikuwa na ugonjwa huo huo, kwa hiyo labda uliambukizwa. Na pili, fumbo mara nyingi linaishia kwenye nasaba, nani ni mtoto wa nani, mpaka ukisoma cha tatu unaanza kuwashuku watu wote kuwa ndugu. Lakini lugha! Katika hadithi za upelelezi sijapata tena Kiswahili kinachotembea vile.

Mwalimu wa Lurambi

Shikamoo mzee. La kwanza nakubali, la pili nakataa kwa heshima. Kesi za urithi zinazojaza mahakama zetu Kakamega si ndizo hizo hizo? Ardhi, mke wa pili, mtoto asiyetambuliwa msibani. Wanafunzi wangu hawashangai nasaba hata kidogo, wanashangaa kiko.

Mzee wa Kaloleni

Marahaba mwalimu. Umenipata hapo.

NyarSeme

Mzee, mimi Kisima cha Giningi sijawahi kukitia machoni. Nimekitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba pale mjini, na maktaba waliniambia hawana. Kondele na Kaloleni si mbali. Naomba unikopeshe.

Mzee wa Kaloleni

Nitakukopesha, mwanangu, kwa masharti. Usikunje kurasa. Usimpe mwingine kabla hujaniuliza. Karatasi za katikati zimelegea, zifungue taratibu. Na usiweke jina lako juu yake, lile lililopo linatosha.

NyarSeme

Nimekubali yote. Jumapili nakuja Kibuye sokoni asubuhi, nipigie ukifika, nitakuwa upande wa nguo. Nitakuletea Duniani Kuna Watu ukae nacho mpaka nimalize.

Omogusii

Naomba niwe wa pili kwenye foleni. Nitakuja Kisumu kukichukua mwenyewe.