DC kasema "saa 48", mtoto wa kaka yangu akalala lokapu kwa kuuliza swali. Sheria inasemaje?

Fundi wa Makorora:

Asalam aleikum, na wengine habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na sare za shule hapa Makorora, Tanga mjini. Mimi na siasa mbalimbali, kadi ya chama sina. Naleta jambo hili hapa kwa sababu mtaani kila mtu ananipa jibu lake na hakuna hata mmoja aliyeifungua hiyo sheria yenyewe.

Mtoto wa kaka yangu ni mvuvi, anakaa kijiji cha pwani katika wilaya moja ya mkoa wetu, siitaji. Wilaya iliitisha mkutano na wavuvi pale diko, habari za nyavu na ushuru. Baada ya hotuba wakaambiwa ulizeni maswali. Kijana akanyoosha mkono, akauliza: kila tukishusha samaki tunatoa ushuru, risiti hatupewi, hizo pesa zinaingia wapi? Watu wakapiga makofi. Mimi naamini makofi ndiyo yaliyomponza kuliko swali lenyewe. Mkuu wa wilaya akasema huyu mchochezi, akawageukia askari: ondokeni naye, akalale ndani saa 48 akili imkae sawa. Wakampakia kwenye difenda na suruali yake mbichi ya maji ya bahari.

Hiyo ni Ijumaa, watu wametoka kuswali. Mkewe akanipigia nikiwa nakata kitambaa, nikafunga kibanda nikapanda gari. Nimefika kituoni na hotipoti ya wali na samaki, nikaonjeshwa mwenyewe kwanza kama kawaida yao, kisha yule askari wa zamu, kijana mpole sisemi uongo, akafungua kitabu akatafuta jina. Jina lipo. Kwenye safu ya kosa pameandikwa neno moja kwa bluu: "maagizo". Maagizo ya nani, hakuna. Nikamwuliza, mwanangu, maagizo ni kosa la kifungu gani? Akatazama chini, akaniambia mama acha chakula, kitamfikia.

Akatolewa Jumapili jioni. Kwa hakimu hakufikishwa, maelezo hakuandikwa, hakutia saini popote. Akaambiwa tu kila Jumatatu aje kuripoti mpaka hapo atakapoambiwa vingine. Kila Jumatatu, na anatokea mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi juu yake, na siku ya bahari imekufa.

Nauliza haya. Huyo mkuu anao uwezo huo kweli au ni ubabe? Kijana alazimike kuripoti? Na mwanangu mwenyewe wa kumzaa ana hasira, anataka kukiandika kisa chote Facebook na majina. Nimemzuia kwanza. Nimekosea kumzuia?

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni mkutano uliofuata. Wameniambia mwenyekiti aliuliza "maswali?" mara mbili, watu kimya kama wako matangani. Ajenda zikapita zote.

Pweza Mkavu:

Shikamoo mama. Ushauri wangu mfupi: kijana aende kwa mwenyekiti wa kijiji, wamwombe mkubwa radhi, yaishe. Hii nchi ukishindana na serikali hata ukishinda umeshindwa. Hizo nauli za kwenda kwa mawakili nunua nyavu.

Karani Mstaafu:

Dada Fundi, nimekaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, sasa nipo Pongwe na kuku wangu. Nitakujibu kwa yale niliyokuwa nayaona kwenye majalada.

Uwezo anao. Wengi wanasema DC hana mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe, na hapo ndipo wanapobwagwa mapema. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 kinampa mkuu wa mkoa, kifungu cha 15 kinampa mkuu wa wilaya. Sasa kisome chote, usiishie kwenye mstari wa kwanza kama wanavyoishia wao. Ukiacha mtu aliyetenda kosa, kinamtaka mkuu awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyu anaelekea kuvunja amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka chini ya ulinzi. Akishaamuru, mtu apelekwe kwa hakimu mapema iwezekanavyo, na saa 48 ndiyo mwisho kabisa. Sababu ziandikwe na nakala imfikie hakimu. Saa zikiisha hajafikishwa, anaachiwa, na hakamatwi tena kwa amri hiyo kwa jambo lile lile.

Umeona? Saa 48 zimewekwa kumbana mkuu, awahi mahakamani. Wao wamezifanya kifungo kidogo cha kutoa jukwaani, mbele za watu, kipaza sauti mkononi. Na kifungu hicho hicho kinasema anayetumia uwezo huu vibaya anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, matumizi mabaya ya madaraka. Hilo jukwaani halisomwi.

Halafu tazama siku. Ijumaa alasiri mpaka Jumapili, mahakama zimefungwa. Miaka yote niliyokaa pale, hizi amri nilikuwa nazisikia zaidi mwisho wa wiki. Ya Jumatatu asubuhi, hakimu yupo ofisini mlango wa pili, ilikuwa adimu. Na barua ya sababu ilikuwa adimu kuliko hiyo.

Kuripoti: mtu anaripoti kwa sababu ana dhamana ya polisi, na dhamana ya polisi inatokana na tuhuma ya kosa linalojulikana, ina karatasi, ina saini yake. "Maagizo" si kosa. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985, polisi wakikushika bila hati wana saa 24 za kukufikisha mahakamani au kukupa dhamana kosa likiwa la kudhaminika. Kukuhoji ni saa 4, zinaweza kuongezwa zisizozidi 8. Una haki ya kuambiwa kosa na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hata hivyo asiache kwenda kimya kimya, watasema katoroka. Aende na mtu mzima, aombe kwa adabu aonyeshwe hiyo dhamana imeandikwa wapi.

Kuhusu Facebook, ulifanya vyema kumtuliza, lakini usimfunge mdomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aandike alichokiona kwa macho yake tu, tarehe na mahali. Asimtie mtu kosa la wizi wa ushuru ambalo hana ushahidi nalo. Mpwa wako aliuliza pesa zinaingia wapi, hakusema zimeibwa. Abaki hapo hapo.

Mzalendo wa Duga:

Mnapenda sana kuisema serikali. Watu wa Tanga tumesahau Amboni mara hii? Februari 2015 askari wetu walipigwa risasi kule mapangoni, jeshi likaingia. Siku ile hakuna aliyeuliza haki za binadamu, wote tulikuwa tunasema wakamateni. Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya usalama, anajua mambo ambayo wewe na cherehani yako huyajui. Mkutano ukichafuka, watu wakarushiana mawe, mtakuwa wa kwanza kusema serikali ilikuwa wapi.

Karani Mstaafu:

Mzalendo, Amboni nilikuwepo mjini, tulilala na redio. Lakini unachanganya mafaili. Kwa mambo ya namna ile kuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, kuna polisi, kuna jeshi. Na hata huko, tazama masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar: waliingia rumande kwa tuhuma za ugaidi, makosa yasiyo na dhamana, wakakaa miaka mingi kesi haisikilizwi ikaisha, mpaka Juni 2021 mashtaka yakaondolewa. Hakuna hukumu ya hatia wala ya kuwasafisha. Watoto wao wamekua baba hayupo. Wewe unaona hilo ni dogo kwa kuwa halijafika Duga.

Mimi ni mtu mzima, nakumbuka tulikotoka. Sheria ya kuwekwa kizuizini ya 1962, uhuru hata mwaka haujatimia, ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi. Januari 1964 jeshi lilipoasi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walizolewa kwa makundi. Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisikiliza 1988. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na hiyo ya 1962 imo. Kila uwezo wa namna hii hutolewa kwa ajili ya mtu hatari sana. Halafu anayekuja kulazwa ndani kwa uwezo huo ni mvuvi aliyeomba risiti.

Abiria wa Kange:

Mimi nasema jambo ambalo wengi humu mnalizunguka. Huyo kijana alichukuliwa na difenda yenye namba, mchana, jina likaandikwa kitabuni, shangazi yake akapeleka wali. Siku hizi hiyo tunaiita bahati.

Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa CHADEMA, chama cha upinzani, alikuwa anakuja Tanga, kwao. Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, watu wenye silaha wakamshusha kwenye basi pale Tegeta, abiria wanatazama. Kesho yake mwili ukapatikana Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Tulimzika hapa Tanga, na mpaka leo mimi nasubiri kusikia mtu anasomewa mashtaka.

Tangu hapo, nikipanda basi la Dar nampigia picha kondakta na namba ya gari namtumia mke wangu. Gari likisimama pasipo kituo, utaona watu wote wanaacha simu wanatazama mlangoni. Hakuna anayezungumza. Ukimwuliza Mzalendo atasema ni propaganda, basi apande Jumamosi akae siti ya nyuma aone.

Kwa hiyo Fundi, sheria za Karani ni nzuri, lakini zinamsaidia mtu ambaye waliomchukua wanakubali kwamba wanaye.

Karani Mstaafu:

Ni kweli, na sina la kukubishia. Ila hata kwa hilo kuna mlango: ombi Mahakama Kuu, kanda yetu ipo hapa hapa Tanga, kuwataka polisi wamlete mtu au waseme yuko wapi. Linaombwa siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Ndiyo maana nasisitiza tarehe na saa. Ukienda kituoni ukaambiwa hayupo, andika umeongea na nani saa ngapi, nenda kituo kingine, andika tena. Wakili bila hayo anaanza na mikono mitupu.

Binti wa Msaada:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, naongezea kidogo tu. Huduma yetu ni bure, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya au kata watawaelekeza. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko bila malipo, hata kwa barua. Na mabadiliko ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za kikatiba aonyeshe yeye mwenyewe ameathirika. Mashirika yalihangaika kwa hilo, lakini mpwa wako ameathirika kwa mwili wake, mama. Asilitupe hilo.

Fundi wa Makorora:

Shikamoo mzee Karani, na nyote ahsanteni. Pweza, radhi aombe kwa lipi? Kwa kuuliza baada ya kuambiwa ulizeni?

Jumatatu nilikwenda naye. Nikaomba kwa adabu tuonyeshwe dhamana. Yule kijana mpole hakuwepo, alikuwepo mwanamama mmoja mwenye nyota, akapekua kitabu, akapekua faili la chuma, akaingia ndani akapiga simu mlango umefungwa. Tukakaa kwenye benchi mpaka adhana ya adhuhuri. Akatoka akasema nendeni, tukimhitaji tutampigia. Namba hakuichukua.

Kijana amerudi baharini. Mkewe anasema nimechokoza nyuki, hataki tuendelee. Mwenyewe anataka, ila anaogopa. Mimi nataka ile barua ya sababu. Kama iliandikwa, niisome. Kama haikuandikwa, waseme haikuandikwa. Mzee, nimwandikie nani? Jirani yangu ana kompyuta, tunaichapa leo leo.

Karani Mstaafu:

Yeye ndiye aandike na atie saini, wewe uwe shahidi. Kwa Mkuu wa Wilaya, nakala Katibu Tawala wa Mkoa, nakala hakimu mfawidhi wa mahakama ya wilaya. Taja tarehe ya kukamatwa, saa, kituo, saa ya kutolewa, na kwamba hakufikishwa kwa hakimu. Omba nakala ya sababu zilizoandikwa chini ya kifungu cha 15. Usitie neno la hasira hata moja, mistari kumi inatosha. Chapa nakala ya ziada, ipeleke kwa mkono, masjala wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, pigeni picha barua ikiwa juu ya meza yao, na uandike saa. Mkewe akiendelea kuogopa msimsukume. Ongeeni naye kwanza, barua inaweza kusubiri mpaka Jumatano.

Mzalendo wa Duga:

Na mkijibiwa leteni jibu humu. Hata mimi nataka kuliona.