Msaada: kituo cha hisani kinataka daftari la zamani la mtoto mwenye selimundu, naweza kuanza upya?

Mzee wa Igoma (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, nina binti wa miaka 6, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Dawa zimenielemea, biashara haieleweki. Kuna kituo cha hisani kinaendeshwa na masista, kinasaidia watoto wa aina hii: dawa za haidroksiyurea na foliki asidi, bima ya mtoto, na nauli ya kliniki kwa wanaotoka mbali. Nimeenda, wamenipokea vizuri, ila wanataka daftari lake la kliniki. Sina. Nikiwaambia mtoto hajawahi kuhudhuria kliniki popote, si watamfungulia faili jipya? Wa sekta ya afya nisaidieni. Matusi sitaki.

Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Karanga ziko wapi?

Bibi Harusi Mtarajiwa
Pole kaka. Ndiyo maana tunapiga kelele, vijana pimeni kabla ya ndoa. Wote wawili mkiwa wabebaji, yaani mmerithi nusu tu na hamuumwi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, siyo kwamba akipatikana mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika. Inakadiriwa nchini kwetu wanazaliwa watoto 11,000 hivi kwa mwaka, halafu watu wanapimana nyota tu.

Dawa Baridi
Mkuu usiwadanganye hao masista. Haidroksiyurea inatolewa kwa uzito wa mtoto na inapandishwa taratibu, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Lazima waone picha nzima ya damu ya nyuma ilikuwaje, aliongezewa damu lini, chanjo zipi kapata. Wakianza na karatasi nyeupe, atakayeumia ni mtoto. Nenda masjala pale alipokuwa anatibiwa, faili lake lipo. Limepoteaje kwani?

Mzee wa Igoma
Limepotea tu kwenye kuhamahama. Namba ya faili sina.

Chuma cha Temeke
Nina miaka 34 na ninayo hiyo kitu. Nikiwa darasa la tatu jirani alimwambia mama asihangaike na ada, mimi ni wa kuondoka tu. Mama akalipa ada, jirani tukamzika 2011. Kliniki naenda Muhimbili. Nyonga ya kushoto imekwisha, mfupa ulikosa damu, natembea na mkongojo na vipuri nauza. Binti asilale na nguo mbichi, asikae na kiu, mvua ikimnyeshea avuliwe hapo hapo. Julai mimi navaa sweta mbili Dar hii hii, watu wananicheka dukani. Na chupa ya maji aende nayo darasani. Mwalimu aambiwe kabisa huyu ataomba ruhusa ya chooni kila saa, asije akachapwa.

Rozela Asilia
Mpe juisi ya rozela na matembele, damu inapanda ndani ya wiki. Nauza, karibu inbox.

Dawa Baridi
Rozela, tuondolee biashara hapa. Asije akaacha dawa kwa ajili ya juisi.

Inspekta Chai
Samahani, mimi nimeanza kusikia harufu ya majani ya chai. Akaunti ya Alhamisi, uzi wa kwanza, mtoto mgonjwa, masista. Kesho tutaletewa namba ya kuchangia. Mzee wa Igoma, swali dogo: daktari wa kliniki akimlaza mtoto kitandani anamminya wapi, na anatafuta nini?

Kiti cha Mbele
Uzi umeanza sasa. Sukari kijiko kimoja tafadhali.

Mzee wa Igoma
Sijaomba hata shilingi mia ya mtu. Anaminywa tumboni.

Inspekta Chai
Tumbo ni kubwa. Upande gani?

Mzee wa Igoma
Mimi nilikuwa nabaki nje. Mama yake ndiye alikuwa anaingia naye.

Dawa Baridi
Bandama, chini ya mbavu za kushoto. Kwa watoto hawa inaweza kuvimba ghafla, damu ikanasa humo, mtoto akapauka na kuzimia. Ndiyo maana wazazi wanafundishwa kupapasa nyumbani. Homa nayo si ya kupewa panadol ukasubiri kesho, ni hospitali siku hiyo hiyo. Sasa huyo mama aliyefundishwa yuko wapi?

Mzee wa Igoma
Yuko kwao Sengerema. Daftari analo yeye.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Heee! Si lilipotea kwenye kuhamahama?

Mzee wa Igoma
Yeye ndiye aliyehama. Msinihukumu, hamjui nilikopita. Mama yangu mzazi alishasema ugonjwa huu umetoka upande wa mwanamke, kwetu hatuna historia hiyo. Nyumba ikawa haina amani, akaondoka. Mtoto nimebaki naye kwa sababu ya shule. Kuna mwenzangu mwingine, nusu ya mahari nimeshapeleka na wazee wamekula, siwezi kurudi nyuma. Nikimpigia yule kuomba daftari yataanza maneno. Ndiyo maana nataka faili jipya.

Inspekta Chai
Naifuta chai. Hakuna tapeli anayejianika namna hii.

Dawa Baridi
Mkuu, selimundu haiingii kwa mlango mmoja. Mtoto anachukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Kama binti anayo, na wewe umebeba, hata kama hujawahi kuumwa kichwa. Mpe mama yako taarifa hiyo kwa heshima. Na huyo mpya kapima?

Mzee wa Igoma
Huyo ni wa Kilimanjaro, kule hawana.

Dawa Baridi
Kubeba nusu kunamkinga mtu na malaria kali, ndiyo maana kule ni kuchache, malaria ilikuwa chache milimani, huku Kanda ya Ziwa ndiko ilikojaa. Kuchache siyo hakuna. Apime kabla hujapeleka nusu ya pili.

Chuma cha Temeke
Na pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023 wanapandikiza uloto, ule uboho wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Wa kwanza kupimwa kama analingana ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Sisemi kitu, nasema tu.

Dada wa Ustawi
Nafanya kazi ustawi wa jamii, hospitali nyingine kabisa. Kaka, kuhusu gharama, hospitali ya serikali ina ofisi yetu. Ukithibitika huna uwezo, unapewa msamaha au unaelekezwa kwa wafadhili kama hao masista. Tunaulizia mzazi anayemlea mtoto na historia ya matibabu, ndoa yako haituhusu. Ila ukituambia hajawahi kutibiwa, halafu maabara ionyeshe dawa imeshafanya kazi kwenye damu yake, hapo utatufanya tushindwe kukuamini hata kwenye la kweli.

Kiti cha Mbele
Karanga zimeisha na wala sicheki tena. Mpigie mama wa mtoto.

Mzee wa Igoma
Nimepiga, hajapokea. Nimemtumia meseji kuhusu daftari.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Daftari tu?