Mtambo mdogo wa upepo: mbona hautoi wati zilizoandikwa?

Mdadisi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kufunga nyumbani mtambo wa upepo wenye mapanga matatu, kipenyo chake mita 2, ulioandikwa wati 600. Kwamba upepo huzungusha mapanga ninalielewa. Nisilolielewa ni namna umeme unavyopatikana baada ya hapo, na kwa nini waliokwisha kuifunga mitambo hii husema kuwa hupata sehemu ndogo tu ya wati hizo. Je, naweza kuufunga juu ya paa?

Fundi Koili
Ndugu Mdadisi, mapanga yamechongwa mfano wa bawa la ndege, hivyo hewa inapopita huleta tofauti ya shinikizo baina ya pande zake mbili, nayo ndiyo inayoyazungusha. Mhimili wake huzungusha sumaku za kudumu mbele ya koili za waya wa shaba, na kila sumaku inapopita, umeme husisimka ndani ya waya, kwa kanuni aliyoigundua mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Umeme unaotoka hapo ni mkondo geu (unaobadili mwelekeo mara kwa mara) wa fezi tatu, yaani hutoka kwa nyaya tatu, nao volti zake hupanda na kushuka kila upepo unapobadilika, kwa hiyo haufai kupelekwa moja kwa moja kwenye friji. Hupitishwa kwanza kwenye daiodi, vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ili uwe mkondo mnyoofu, huchaji betri, kisha kifaa kiitwacho inveta huugeuza kuwa mkondo geu uliotulia.

Kabla hujaupandisha mnarani, uzungushe mhimili kwa mkono: utazunguka kwa wepesi. Sasa ziunganishe ncha za nyaya zote tatu pamoja, ujaribu tena. Utaona mhimili umekuwa mzito ghafla. Uzito huo ndio kazi ambayo upepo utalazimika kuifanya.

Mpima Upepo
Naomba nijibu suala la wati, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Mapanga yako hufagia eneo la mita za mraba 3.14. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hupitisha hapo takriban wati 240, na mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alikwisha kuonyesha kwamba hakuna mtambo wa aina hii unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo. Mtambo mdogo ukichukua asilimia 30, utapata wati 70 hivi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ndio utakaokufikisha karibu na wati 600. Mtambo si mbovu. Namba iliyoandikwa ni ya upepo mkali, ambao mahali pengi hauvumi kila siku.

Kuhusu paa, nakusihi usifanye hivyo. Hewa inayogonga nyumba huvurugika, mapanga huyumba huku na huku bila kuzalisha, na mtetemo huingia kwenye kuta. Simamisha mnara ambao ncha za chini za mapanga zitapita kwa mita 9 juu ya kizuizi chochote kilichomo ndani ya mita 150. Fedha inayowekwa kwenye mnara mara nyingi huleta umeme mwingi kuliko ile ya kununulia jenereta kubwa.

Mdadisi
Nawashukuru sana. Na betri zikijaa wakati upepo bado unavuma?

Fundi Koili
Usiukate umeme tu, maana mtambo usio na mzigo huzunguka kwa kasi ya kuweza kuvunja mapanga. Kidhibiti chaji kizuri huupeleka umeme wa ziada kwenye kipasha joto, kwa mfano cha kuchemshia maji, nao mkia wenye bawaba huyageuza mapanga pembeni upepo unapozidi. Ukitaka kupanda mnarani, subiri upepo utulie, kisha ziunganishe zile nyaya tatu ili mtambo ujifunge breki.