Bweni la ada kubwa: lina uzito wowote kwenye udahili wa chuo kikuu?

MzaziTabata
Wakuu, habari za jioni. Binti yuko darasa la saba, Septemba anafanya mtihani. Ndoto yake ni udaktari, Muhimbili au nje ya nchi akipata ufadhili. Ameitwa usaili kwenye shule ya bweni ya binafsi yenye jina kubwa, ada milioni 6 kwa mwaka, hapo bado sare, godoro na nauli. Shule ya serikali ya kutwa ipo hapa jirani na haina ada. Je, jina la shule linamwongezea nafasi ya kuingia chuo? Na hizo Divisheni I wanazobandika kwenye mabango nitazihakikije?

Mwalimu_PCB
Ndugu mzazi, kwa vyuo vya hapa nyumbani jina la shule halihesabiki. Chuo kinaangalia alama za kidato cha sita: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sifa ya chini ya udaktari wa binadamu ni angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, lakini hiyo inakuruhusu kuomba tu. Viti ni vichache, na wenye alama za juu ndio wanaoanza kuchukuliwa. Divisheni yenyewe huhesabiwa kinyume: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4. Mtoto mwenye CCC ana Divisheni I ya pointi 9, nyumbani wanapika pilau, halafu Muhimbili anakosa.

Kwa hiyo milioni 6 zina maana kama zinapandisha alama za masomo hayo matatu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoingizwa mjini na neno Divisheni I. Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), tafuta shule kwa namba yake ya kituo, shuka hadi kwenye mstari wa mwanafunzi mmoja mmoja. Utakuta kwa mfano: Uraia A, Historia A, Kiswahili A, Jiografia B, Kiingereza B, Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D, Hisabati D. Yanahesabiwa masomo saba bora, jumla pointi 13, Divisheni I safi. Na huyo nafasi yake ya kwenda PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ni finyu, kwa sababu Fizikia yake ni D. Pitia mistari yote, hesabu wangapi wana A au B kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja. Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja mzuri unaweza kuwa wa mwalimu mmoja aliyekwisha kuhama.

Siku ya usaili omba kuona maabara. Angalia kama mizani, bureti na pipeti zinatosha darasa zima, na uulize vitendo vinaanza kidato cha ngapi. Shule inayongojea kidato cha nne kuwashikisha watoto bureti itawaumiza huko mbele, kwa sababu kidato cha sita kila somo kati ya haya lina karatasi yake ya vitendo.

Takwimu_Kinondoni
Naongezea kipimo ambacho mabango hayatakuonyesha. Chukua shule hiyo hiyo, hesabu waliofanya mtihani wa kidato cha pili 2022, kisha waliofanya kidato cha nne 2024. Ni kundi lile lile. Kama walikuwa 120 wakabaki 85, uliza 35 wamekwenda wapi. Kuhama kwa kawaida kupo, wazazi hubadilishiwa vituo vya kazi na ada huwashinda watu. Lakini karibu theluthi kupungua, kila mwaka, ni dalili ya kuchuja: mtoto asiyefikia wastani wa shule anarudishwa darasa au mzazi anaambiwa amtafutie shule nyingine, ili matokeo yabaki meupe. Ufaulu wa asilimia 100 wa namna hiyo haukuambii lolote kuhusu ufundishaji.

Na bango la "wa kwanza kitaifa" likitaja miaka ya karibuni, lipuuze. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023.

MzaziTabata
Asanteni sana, hilo la kulinganisha kidato cha pili na cha nne sikulijua kabisa. Na nje je? Huko jina la shule halisaidii?

Mshauri_Vyuo
Marekani shule ina uzito, ila kwa njia nyingine. Chuo kinadai ripoti ya shule, barua za walimu na alama za miaka yote ya sekondari, na mwombaji anapimwa kwa kuangalia shule yake ilimpa nafasi zipi. Mwanafunzi bora wa shule ya kawaida hatupwi. Anakwama kwenye karatasi: maombi mengi yanafungwa mwanzoni mwa Januari, matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai, kwa hiyo chuo kinataka alama tarajiwa, na shule nyingi za mtaala wa NECTA hazina utaratibu wa kuziandika. Waulize hao wa milioni 6: nani anaandika ripoti hiyo, na wahitimu wao wa miaka mitatu iliyopita wamekwenda vyuo gani. Wakijibu kwa jina la chuo kimoja tu, tena cha zamani, umepata jibu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni fedha. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii uwezo wa familia wakati wa kuchagua, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na wanafidia pengo lote. Vyuo vingi vingine huangalia. Ushauri wa EducationUSA, ubalozi wa Marekani pale Msasani, ni bure. Baada ya kidato cha nne kuna pia UWC East Africa, Moshi na Arusha: miaka miwili ya IB (diploma ya kimataifa ya sekondari), ufadhili hutolewa kwa mchujo, na wahitimu wana mlango wa ufadhili wa Davis kwa vyuo shiriki vya Marekani. Akisoma IB au Cambridge kisha akataka chuo cha hapa, lazima apate ulinganifu wa matokeo kutoka NECTA. Msingojee dirisha la udahili lifunguliwe.

Mhasibu_Ubungo
Piga hesabu ya miaka yote kabla ya kulipa muhula wa kwanza. Milioni 6 mara miaka minne ni 24, na ada hupanda. Kidato cha tano na sita serikalini hakuna ada tangu mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo akifaulu vizuri jazeni Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na shule, kwa makini; shule za serikali za wasichana kama Kilakala au Msalato zipo. Kumbuka pia mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu: wanapima uwezo wa familia, na ada ulizolipa sekondari ni sehemu ya picha hiyo. Kama mjomba au shirika ndiye aliyelipa, tunza barua na risiti tangu kidato cha kwanza, kwa sababu baada ya miaka sita kuzitafuta ni kazi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo.

Na ule wastani wa kuvuka darasa, dai uandikwe kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na ada inayorudishwa endapo mtoto ataondolewa katikati ya mwaka.